Pipa la Wageni na Pipa Letu

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa msimu wa pamba nilipopewa kijiko na kuambiwa kwamba roho za watu zimo ndani yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne Bariadi, na nilidhani mtu aliyesoma ni mtu anayejua. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nimelala katika miji mingine ambayo hata majina yake nimeyasahau, na bado yako mambo ya mchana ule ambayo sijayaelewa. Miaka arobaini si uzee, nakubali. Lakini aliyetembea sana huzeeka kuanzia chini, na miguu yangu ni mikongwe kuliko kichwa.

Nakuandikia kwa sababu ya vijana wawili niliowakuta Nyashimo, kwenye kibanda cha chai, nikisubiri lori. Walikuwa na umri kama wako. Walikuwa wakibishana juu ya ugonjwa huu wa sasa. Mmoja alisema upo, mwingine alisema ni maneno ya redio na ya wakubwa. Wakanigeukia. "Mzee, wewe umetembea. Unasemaje?" Nilipuliza chai yangu, na lori likaja likaniokoa. Jibu nililopaswa kuwapa ni hili ninalokupa wewe, nalo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa.

Kwetu ni upande wa Zagayu. Miaka ile soko la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Zamani tulikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa kila wiki lilikuja gari jipya, na mizani mpya, na mtu mpya mwenye kalamu sikioni. Mwanzoni watu walifurahi. Halafu wakaanza kuingiwa na wasiwasi, maana kila mizani ilisema lake juu ya mzigo uleule. Na mtu akishadanganywa na mizani mara tatu, mwanangu, hata jua likichomoza hutoka nje kuhakikisha. Ugonjwa ulitukuta tukiwa katika hali hiyo.

Kwanza ulikuja kama neno. Utingo wa lori alisema kandokando ya ziwa watu wanahara maji meupe kama ya kuoshea mchele, na mtu mwenye nguvu asubuhi jioni anabebwa. Kisha redio ikasema ni kipindupindu. Kisha akaja Bwana Afya na pikipiki yake, mtu mwembamba kutoka mbali, asiyejua Kisukuma hata salamu. Alisimama pale kwenye kituo cha kununulia pamba akasema tusile vyakula vya kuuzwa barabarani, tusinywe pombe ya kienyeji, tusikusanyike, tusicheze ngoma. Tuchemshe maji, tuchimbe vyoo.

Nyuma yake, alipokuwa akisema hayo, foleni ya wauza pamba ilikuwa imezunguka ghala mara mbili, watu wamebanana jasho kwa jasho, wengine wamelala hapo siku ya pili. Hakuna aliyewaambia watawanyike.

"Bwana Afya," mzee mmoja alimuuliza kwa adabu, "huu ugonjwa wako, foleni ya pamba unaiogopa?"

Watu walicheka mpaka waliokuwa juu ya mizigo wakateremka. Bwana Afya alisubiri wamalize, akasema mambo ya pamba hayako chini yake. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini tangu siku ile ugonjwa ule tuliuita kipindupindu cha mizani, yaani ugonjwa unaojua pa kuingia na pa kupita pembeni. Wengine walisema umetangazwa ili watu wajifungie majumbani, na wanunuzi wawafuate mlangoni na mizani zao za uongo. Wengine walisema ni tumbo la mavuno, linakuja kila mwaka watu wakila vipya. Diwani alisema upo. Mwenyekiti wa kijiji alisema yeye hajaona mgonjwa. Redio ilisema sana wiki moja, wiki iliyofuata ikanyamaza, na hatukujua kama kunyamaza ni kupona. Mimi, msomi, nilikubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho.

Mtu mmoja tu hakuwa na neno, naye ni bibi yangu Nkamba, aliyenilea. Siku ileile ya mkutano nilimkuta amekaa mbele ya chungu kikubwa cha maji kinachotokota.

"Bibi, na wewe umeamini?"

"Nimeamini nini?"

"Kwamba ugonjwa upo."

"Sijui kama upo," alisema akiusukuma ukuni ndani. "Ila kuni ninazo."

Nikaenda kuwasimulia wenzangu. Tulilifanya neno lake kichekesho kwa wiki nzima. Mtu akisema hajui kama mvua itanyesha, tunamjibu, "Ila kuni unazo."

Sasa nikueleze kidogo habari ya ngoma, maana ninyi mliozaliwa mjini mnaiona kwenye sherehe za serikali tu. Kwetu pamba ikishatoka shambani, makundi mawili ya ngoma hukutana kushindana. Hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji huenda wanakovutwa na mioyo yao. Hakuna hakimu. Atakayezungukwa na watu wengi ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo kila kundi lina manju, mtunzi na kiongozi wake, na kila manju ana dawa zake za mizizi za kuvuta watu, na wachezaji wake huzinywa. Mwaka uliotangulia kundi la Lalago lilikuwa limetuaibisha hata mbwa wetu wakahamia upande wao. Mwaka ule ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha na kulipiza.

Mpiga ngoma wetu alikuwa rafiki yangu Shija. Alizaliwa nyuma ya mapacha, kama jina lake linavyosema, na ndiyo maana mama yake aliitwa mama Kulwa. Mama huyo alikuwa akinihifadhia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chini ya kawa tangu nikiwa shule ya msingi, nami nilikula kwake mara nyingi kuliko kwetu. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa mabega. Mtunze huyu mama akilini, mwanangu, kwa sababu habari yangu yote inakwenda kwake.

Bwana Afya aliporudi akakuta ngoma imeshapangwa na wageni wako njiani. Alijua akikataza itachezwa tu, tena porini. Akatoa sharti moja. Mapipa mawili ya maji yawekwe uwanjani, moja kila upande, yatiwe dawa, na mtu asinywe maji mengine. Akauliza ni nani amesoma. Nikasukumwa mbele.

Akanipa mfuko wa unga mweupe na kijiko. "Kijiko kimoja kila pipa. Koroga. Ngoja nusu saa ndipo wanywe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Akakigonga kile kijiko kwa ukucha. "Roho za watu zimo humu, kijana." Akawasha pikipiki akaenda kijiji kingine, maana yeye alikuwa mmoja na vijiji vilikuwa vingi.

Hata sijafungua mfuko, manju wetu, mzee Ngasa, akanijia akanisalimu.

"Mwadila, msomi."

"Mwadila, manju."

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo?"

Nikampa mfuko. Alinusa akarudisha kichwa nyuma kama ndama aliyepuliziwa moshi. "Hii ni ya kufulia nguo. Ikiingia pipa moja na mizizi yangu, atakayebaki ni nani?"

"Mimi sijui, manju."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hilo hata wasiosoma wanalijua." Akanirudishia mfuko. "Mwenye kijiko ni wewe. Mimi sijasema kitu."

Na kweli hakusema kitu. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba alinituma, nikashindwa. Wazo lilikuwa langu mwenyewe, na lilinijia likiwa tamu. Kama unga huu unaua mizizi ya Ngasa, basi unaua na mizizi ya Lalago. Nikaenda kwenye pipa la wageni nikatia kijiko kimoja. Kisha nikatia cha pili, kile cha pipa letu. Nikakoroga vizuri, nikangoja nusu saa nikihesabu kwa saa ya kuazima, nikawakaribisha kwa heshima zote.

Kijana mmoja wa Lalago alikunja uso. "Maji yenu yananuka hospitali."

"Ndiyo afya yenyewe hiyo," nikamwambia. "Kunywa, mgeni wetu."

Katika pipa letu Ngasa alitumbukiza mizizi yake. Maji yalikuwa ya lambo, kama ng'ombe walivyoyaacha.

Itazame akili ya kijana, mwanangu. Sikuamini kwamba unga ule unaweza kuua ugonjwa. Lakini niliamini kabisa kwamba unaweza kuua uchawi. Mpaka leo sijui vitu hivyo viwili vilikaaje katika kichwa kimoja bila kusalimiana.

Tulishinda. Shija alipiga ngoma siku ile mpaka waliokuwa wamekuja kuuza mbuzi waliwaacha mbuzi. Watu walitoka upande wa Lalago mmojammoja, kisha kwa makundi, wakatuzunguka mpaka upande wa pili likabaki vumbi na wachezaji wake. Na kila aliyekuja kwetu alikunywa kwetu. Kata ilipita kutoka kinywa hadi kinywa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi niliona neno likiharibika penye wengi, nikalishangilia.

Ngoma ilipokwisha, wanawake walikuja na ndoo. Maji ya manju aliyeshinda ni baraka, hunyunyizwa zizini na mlangoni, na mengine hunywewa kidogokidogo nyumbani. Mama Kulwa alijaza ndoo yake akaniita.

"Maduhu, hebu nitwishe. Haya ni maji ya mwanangu."

Nikamtwisha. Nilishika ndoo ile kwa mikono hii miwili nikaiweka kichwani pake, akaenda zake akicheka kwa mabega, na maji hayakumwagika hata tone.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Siku ya pili yake Shija alianza kutapika, na wachezaji wengine wanne, na baadhi ya waliokuwa mbele kabisa ya duara. Darasa moja la shule likafanywa wodi. Ngasa akasema Lalago wametutupia kijicho. Akatumwa mtu kwenda kuangalia huko kwao, akarudi akasema hakuna hata mmoja anayeumwa.

"Si mmeona," Ngasa aliwaambia watu. "Mtu hawezi kujirushia mwenyewe."

Kila mtu aliona. Mimi peke yangu nilikuwa na sababu nyingine, nami sikujua nifanye nayo nini. Huenda ni unga uliowalinda. Huenda manju wao ana mizizi mikali. Huenda Shija ameutoa kwenye foleni ya pamba, maana alilala huko siku mbili kabla ya ngoma. Huenda ni lambo, na lambo tulikunywa sote tangu utotoni. Kila nilipoishika sababu moja, nyingine iliniponyoka, kama mtu anayekamata kuku watatu kwa mikono miwili. Nikajiambia kwamba mtu aliyesoma hasemi jambo asilo na hakika nalo. Lilisikika kama neno la busara. Ulikuwa woga tu, uliovaa shati la kupigwa pasi.

Bwana Afya alirudi mbio siku hiyo. Nilikuwa nikisaidia kubeba wagonjwa, akanishika bega.

"Mapipa uliyatia dawa?"

"Nilitia," nikasema.

Alinishukuru. Kwa neno langu hilo akaliacha pipa letu na ndoo zote zilizokuwa majumbani, akaenda kuwaandama mama lishe na wauza pombe. Sikusema uongo, mwanangu. Pima mwenyewe kama nilisema kweli.

Siku nzima ikapita hivyo, mimi nikiwa na neno mdomoni. Kesho yake alfajiri nilimkuta bibi kwenye chungu chake, nikakaa chini nikamwambia yote, kijiko cha kwanza na cha pili. Hakunigombeza. Aliyaipua maji kwanza, akayafunika.

"Umeniambia mimi ili iwe nini?" aliuliza. "Mimi nachemsha. Nenda kawaambie wasiochemsha."

"Lakini bibi, sina hakika kama ni maji."

"Na ulipotia vijiko viwili, ulikuwa na hakika gani?"

Nikasimama. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema, mwageni maji ya ngoma, pipa letu halikutiwa dawa, mimi ndiye sikutia. Wengine walimwaga. Wengine walinitazama kama mtu aliyerogwa, wakazivuta ndoo zao ndani. Mmoja alinirushia kata. Nilipofika kwa mama Kulwa, ndoo ilikuwa mlangoni, imebaki robo, na yeye amekaa chini kaegemea ukuta, macho yamezama. Alikuwa akinywa kidogokidogo tangu mwanawe alipochukuliwa, amwombee apone.

"Maduhu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Shija amekula?"

Nilimwambia amekula. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yale niliyamwaga kabla hatujaondoka, nikaipindua ndoo. Alifika darasani akiwa hai. Saa sita ilipofika hakuwa hai. Walimzika watu waliovaa mipira mikononi, bila kuoshwa na ndugu zake, na sisi tuliokula matobolwa yake tukisimama mbali.

Nilimfuata Bwana Afya nikamwambia. Aliandika kitu, akauliza pipa liko wapi. Basi. Ningependa angenipiga.

Kisha nikaenda kwa Shija, aliyelala kwenye mkeka na chupa ya maji ikining'inia juu yake, nikamwambia na yeye. Aliangalia mabati ya darasa.

"Kwa hiyo Lalago walikunywa salama," alisema.

"Ndiyo."

"Basi wametushinda."

Hakusema nami tena mpaka nikaondoka. Kabla msimu haujaisha nilipanda juu ya marobota ya pamba kwenye lori, na tangu siku hiyo sijakaa mahali nikapaita pangu. Watu hudhani napenda safari.

Miaka mingi baadaye nilipita kwake. Ana ng'ombe sasa, na wajukuu wawili, na mkono wake bado unapiga paja akisikia muziki. Alinikaribisha kama mgeni wa kawaida. Tulipokwisha kula akasema bila kunitazama, "Mama alikuwa anakunywa ya lambo kila siku, Maduhu. Tena asubuhi ya ngoma alikunywa nikimwona. Hakuna ajuaye." Nilielewa kwamba ananipunguzia mzigo. Haukupungua, na kweli hakuna ajuaye. Ila aliponiletea maji ya kunywa, niliyanusa kabla ya kuyafikisha mdomoni. Yalikuwa na harufu ya moshi wa kuni.

Sasa nikwambie neno lenyewe. Sikuiti mjinga kwa kuwa una shaka. Hata sisi tulikuwa na sababu, na foleni ile ya pamba ilikuwa sababu ya kutosha. Wakubwa wakisema mambo mawili kwa mdomo mmoja, wasishangae watu wakibaki katikati. Shaka ni haki yako. Lakini uilipie kwa kuni zako mwenyewe, usiilipie kwa tumbo la jirani. Usingoje uelewe ndipo uchemshe maji, maana kuelewa huja baada ya mazishi, na pengine hakuji kabisa, kama kwangu. Ukiulizwa swali nusu, jibu zima. Na neno la kuokoa mtu likikufika mdomoni asubuhi, lisilale humo hadi kesho. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, kikamuumbua mwingine.

Ukikutana na wale vijana wa Nyashimo, waambie mzee wa lori amekumbuka jibu. Sijui. Ila kuni ninazo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kuni kavu wakati wa masika, na chungu kisichopasuka, na jirani wa kukwambia kweli mapema. Na siku mama wa mtu akikuomba umtwishe ndoo, Mungu akujalie uwe unajua kilichomo.